Vishikwambi vya shule: kuvisajili, kuvitunza na kulinda taarifa za wanafunzi

Mwongozo huu ni kwa shule yenye vishikwambi kati ya 20 na 60, seva moja, na mwalimu mmoja wa TEHAMA ambaye bado ana vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake. Shule nyingi za Tanzania na Kenya ziko katika hali hiyo, ziwe zilipata vifaa kwa mradi wa serikali, kwa wafadhili au kwa michango ya wazazi. Wauzaji wa mifumo hupenda kuweka usimamizi wa vifaa upande mmoja na faragha ya wanafunzi upande mwingine. Shuleni ni kazi moja. Kishikwambi ambacho hakuna anayekijua kwenye daftari ndicho kitakachopotea na picha za watoto ndani yake, na akaunti iliyofunguliwa harakaharaka kabla ya kipindi cha kwanza ndiyo itakayovuja miaka mitatu baadaye. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini kuna swali la kujiuliza kwanza: taarifa hii, shule inaihitaji kweli?

Daftari kwanza

Kabla ya kuwasha kifaa chochote, fungueni kaunta buku. Kila kishikwambi kipewe mstari wake: namba ya shule (01, 02 hadi 40), namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) iliyo kwenye mipangilio au nyuma ya kifaa, IMEI kama kina sehemu ya laini (bonyezeni *#06#), toleo la Android, tarehe ya kupokelewa, hali ya kioo na ya tundu la chaji, akaunti iliyowekwa, na mwalimu anayewajibika. Nakala ya kompyuta ni nzuri, lakini daftari la karatasi ndilo linalosomeka siku umeme umekatika na polisi wanataka namba ya kifaa.

Namba ya shule iandikwe kwa kalamu isiyofutika mgongoni, juu yake ipite selotepu pana. Stika za karatasi hubanduka kwa jasho ndani ya wiki chache. Iwekeni pia kama picha ya skrini ya mbele, maandishi makubwa: KISHIKWAMBI 17, MALI YA SHULE. Makasha hubadilishwa kirahisi. Picha ya skrini hubadilishwa tu na mtu aliyefungua mipangilio, na hilo lenyewe ni dalili kwamba kuna mlango ulioachwa wazi.

Halafu vigaweni kwa kudumu. Mwanafunzi wa namba 17 katika kila darasa atumie kishikwambi 17 muhula mzima. Kioo kikipasuka mnajua kilikuwa kwa nani asubuhi na kwa nani mchana, na watoto wenyewe huanza kukagua kifaa kabla ya kukipokea kwa sababu hawataki kubebeshwa kosa la mwenzao. Kati ya vishikwambi 40, viwili vibaki akiba, visigawiwe.

Akaunti ya kifaa

Hapa ndipo vifaa vingi vya shule hufia. Android ina ulinzi dhidi ya wizi: mtu akikirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kwa vitufe vya pembeni, kikiwaka tena kinadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kama akaunti hiyo ilikuwa ya mwalimu aliyehamishwa, na namba ya simu ya kuirejesha ni laini yake binafsi, kifaa kinabaki kipande cha plastiki. Tangu mwanzo, akaunti iwe ya shule, namba ya kurejesha iwe ya ofisi, na nywila iandikwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kuwekwa kwenye kabati la mkuu wa shule. Mwalimu wa TEHAMA akiondoka, bahasha inafunguliwa, nywila inabadilishwa siku hiyohiyo, bahasha mpya inafungwa.

Kosa la pili ni kuweka akaunti moja ya kawaida ya Google kwenye vishikwambi vyote 40 na kuacha usawazishaji (sync) ukiwa umewashwa. Picha aliyopiga mtoto wa Darasa la Sita inaonekana kwenye vifaa vya wengine, historia ya utafutaji inachanganyika, na mawasiliano yaliyohifadhiwa kwenye kimoja yanafika kwenye vyote. Mkilazimika kutumia njia hiyo kwa muda, zimeni usawazishaji wa picha, wa mawasiliano na wa kivinjari kwenye kila kifaa kabla hakijafika darasani.

Njia iliyo bora ni kukisajili kifaa chini ya programu ya usimamizi. Zipo za kulipia, na zipo za chanzo huria kama Headwind MDM, ambayo toleo lake la bure linaweza kuwekwa kwenye seva ya shule yenyewe. Usajili wa kuwa mmiliki kamili wa kifaa hufanyika tu kwenye kishikwambi kilichofutwa, na hatua ni hizi:

1. Toeni akaunti yoyote iliyomo kupitia mipangilio, kisha rudisheni kifaa kwenye hali ya kiwandani kutoka ndani ya mipangilio. Mkitumia vitufe vya pembeni bila kutoa akaunti, mtakutana na ule ulinzi wa wizi.
2. Kikiwaka na kuonyesha ukurasa wa kukaribisha, gongeni mahali pamoja pa skrini mara sita bila kusita. Kisomaji cha msimbo wa QR kitafunguka. Baadhi ya vifaa huomba Wi-Fi kwanza.
3. Elekezeni kamera ya kifaa kwenye msimbo uliotolewa na programu ya usimamizi. Kifaa kitapakua programu hiyo na kujisajili chenyewe.
4. Kwenye programu ya usimamizi, zuieni kuweka programu mpya, zuieni kurudisha hali ya kiwandani, ficheni mipangilio, zimeni kamera hadi somo litakapoihitaji, na bakisheni kwenye skrini programu zile tu za masomo.
5. Andikeni kwenye daftari tarehe ya usajili. Kisha mpeni mwanafunzi mmoja mkubwa kifaa hicho kwa nusu saa ajaribu kutoka nje ya mipaka. Atakachokigundua yeye, darasa zima lingekigundua kabla ya Ijumaa.

Hatua ya pili ikigoma kwenye vifaa vyote, shida mara nyingi iko kwa aliyeviuza. Vishikwambi vya bei ya chini sana huja na Android ambayo haikuthibitishwa na Google. Fungueni Play Store, nendeni kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhusu, muone kama kifaa kimethibitishwa. Kagueni hili kwenye sampuli moja kabla ya kulipia 40, kwa sababu baada ya malipo hamna la kufanya.

Pasipo na programu ya usimamizi, wekeni skrini ya kufunga kwa namba anayoijua mwalimu, PIN ya udhibiti wa wazazi kwenye Play Store, na kama kifaa kinaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja, akaunti kuu ibaki ya mwalimu na wanafunzi waingie kwa nyingine. Ni kinga dhaifu, lakini inazuia mengi.

Seva ya masomo isiyotegemea bando

Kwa shule yenye intaneti ya kusuasua, programu ya masomo ya Kolibri ya shirika la Learning Equality ndiyo tunayoishauri kuliko nyingine yoyote. Inakaa kwenye kompyuta moja shuleni na vishikwambi huifungua kwa kivinjari kupitia Wi-Fi ya ndani, bila intaneti. Ina hadithi za African Storybook, majaribio ya sayansi ya PhET, masomo ya Khan Academy na mengine mengi. Faida yake ya pili huwa haitajwi vya kutosha: maendeleo ya wanafunzi yanabaki kwenye seva iliyo ndani ya jengo la shule, na hakuna kampuni ya mbali inayoyapokea mpaka shule yenyewe iamue kuyatuma.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa darasa moja. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4 pia huweza, ila maudhui yakae kwenye diski ya nje. Msivute chaneli nzima, yaani mkusanyiko wote wa maudhui. Za video hufikia makumi ya GB. Chagueni mada zinazolingana na mtaala wenu, zipakueni mjini penye mtandao mzuri au zinakilini kwa diski kutoka shule jirani yenye Kolibri, kisha ziingizeni kwenye seva yenu. Kolibri inaruhusu njia zote mbili, na ya pili haigharimu bando hata kidogo.

Wakati wa kuiweka, chagueni aina ya shule rasmi ambamo mwanafunzi hawezi kujisajili mwenyewe, la sivyo ndani ya wiki mtakuwa na majina ya wachezaji mpira kwenye orodha. Ingizeni wanafunzi kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi linalotengenezwa hata kwa Excel. Kolibri ina nafasi ya mwaka wa kuzaliwa na jinsia; ziacheni bila kubainishwa. Jina la mtumiaji liwe mfano wa d6_17, na orodha inayoonyesha d6_17 ni nani ibaki kwa mwalimu wa darasa kwenye karatasi. Msitumie namba za kitaifa za mwanafunzi, PREM ya Tanzania wala UPI ya Kenya, kama jina la kuingilia, maana namba hizo zinamfuata mtoto kutoka shule hadi shule na zinafungua rekodi nyingine.

Kuna mpangilio wa kuwaruhusu wanafunzi waingie bila nywila. Kwa Darasa la Kwanza hadi la Tatu ni sahihi, kwa sababu kipindi kifupi hakiwezi kumezwa na kuandika nywila. Kuanzia Darasa la Nne wekeni nywila. Bila hiyo mtoto yeyote anaweza kuchagua jina la mwenzake, akafanya zoezi vibaya makusudi, na mwalimu akamhukumu asiyehusika.

Mambo matatu huvuruga seva, na yote huanzia kwenye umeme. La kwanza ni anwani kubadilika: umeme ukikatika, ruta ikiwaka upya inaweza kuipa seva anwani nyingine, na alamisho la http://192.168.1.50:8080 kwenye vishikwambi 40 likafa. Ingieni kwenye ruta mtenge anwani moja ya kudumu kwa seva. La pili ni memori kadi kuharibika kwa kuzimwa ghafla. UPS ndogo (betri ya akiba) inayokaa dakika 10 hutosha kuizima seva kwa utaratibu. La tatu ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa, kwa hiyo bila intaneti huamka na tarehe ya zamani na ripoti za wanafunzi zikaandikwa siku isiyokuwepo. Nunueni kidude cha saa chenye betri, au mwalimu arekebishe tarehe kila asubuhi kabla ya kipindi. Shida hiyohiyo huonekana kwenye kishikwambi kilichoishiwa chaji kabisa: kikiwashwa tarehe imerudi nyuma, na kila tovuti inadai kwamba muunganisho si salama. Sahihisheni tarehe, na onyo litaondoka.

Nakala rudufu ya folda ya Kolibri ifanyike kila Ijumaa kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, na diski hiyo isikae chumba kimoja na seva. Mwizi huchukua vyote vilivyo juu ya meza.

Wi-Fi ya darasa

Ruta ya nyumbani huanza kuchoka vifaa vikifika 15 au 20. Hesabu yenyewe ni nyepesi: video ya masomo inakula takriban megabiti 1.5 kwa sekunde, wanafunzi 40 wanahitaji 60, na masafa ya 2.4 GHz kwa kawaida hayatoi kiasi hicho kwa darasa zima. Tafuteni ruta ya ofisi iliyoandikwa kubeba vifaa 50 au zaidi kwenye 5 GHz, na hakikisheni vishikwambi vyenu vinaiona 5 GHz, kwa kuwa vingi vya bei nafuu havina. Visipoiona, wanafunzi wawili wakae kwenye video moja. Seva iunganishwe na ruta kwa waya wa mtandao. Ikiunganishwa kwa Wi-Fi, kila video inapita hewani mara mbili.

Nywila ya Wi-Fi ya vishikwambi isijulikane na wanafunzi wala na walimu wasiohusika. Simu 30 za walimu na wageni zikijiunga, darasa linasimama. Wengine hujaribu kuzuia kwa kuorodhesha kwenye ruta anwani za MAC, namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni, na kushangaa vifaa vyao wenyewe vikikataliwa: Android 10 na kuendelea hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Kwenye mipangilio ya mtandao huo chagueni anwani halisi ya kifaa.

Mtandao ukifika kwenye intaneti, wekeni DNS (huduma inayotafutia kifaa anwani za tovuti) inayochuja ponografia na tovuti hasidi: 1.1.1.3 ya Cloudflare kwenye ruta, na kwenye kifaa, sehemu ya DNS ya faragha, family.cloudflare-dns.com. Mwanafunzi mwenye VPN, programu inayopitisha mtandao kwa njia ya kando, anaupita uchujaji huu, ndiyo sababu kuzuia programu mpya kuwekwa kulitangulia. Kompyuta za Windows ziwekwe kwenye muunganisho unaopimwa, ili masasisho yasimalize bando la mwezi kwa siku moja.

Kuchaji na kutunza

Betri ya 5,000 mAh hubeba karibu Wh 19. Pamoja na kinachopotea kwenye chaja, hesabuni Wh 25. Vishikwambi 40 ni Wh 1,000, yaani uniti moja ya umeme kwa kujaza vyote kutoka sifuri. Chaja 40 za wati 10 zinavuta wati 400, ambazo si nyingi. Kinachounguza ni ekstensheni za bei rahisi zilizochomekwa moja ndani ya nyingine, soketi zikalegea na kutoa cheche, ndani ya kabati lililofungwa. Gawanyeni kwa mikupuo miwili ya 20, ekstensheni moja moja kutoka ukutani, milango ya kabati wazi, na mtu mzima awepo. Kwa sola, betri ya asidi ya 12V 200Ah ina Wh 2,400. Tumieni nusu tu ili idumu, na nusu hiyo inajaza vishikwambi vyote mara moja kwa siku.

Tundu la chaji ndicho kiungo kinachokufa mapema, hasa lile dogo la USB ya zamani ambalo mtoto hulilazimisha chaja ikiwa kichwa chini. Chaja zichomekwe na monita wawili waliofundishwa, sio na darasa zima. Betri iliyovimba, kioo kikainuka, isichajiwe tena wala kubonyezwa. Kifaa kizimwe na kitolewe nje ya jengo. Likizo ndefu ikianza, acheni vikiwa na chaji ya asilimia 40 hadi 60, vimezimwa kabisa, na mviangalie kila mwezi.

Programu ya kujifunzia inapoletwa shuleni

Mwaka 2022 Human Rights Watch walichunguza bidhaa zaidi ya 160 za elimu mtandaoni zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa Uviko-19, wakakuta takriban asilimia 89 zinashughulikia taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha haki zao. Kwa hiyo pendekezo la wizara, au zawadi ya kampuni, haliondoi kazi ya kukagua.

Anzeni na ruhusa. Programu ya hesabu haina haja na mahali mtoto alipo, mawasiliano yake wala kipaza sauti. Ikiomba na ikakataa kufanya kazi mkiinyima, iacheni. Someni sehemu ya usalama wa data kwenye Play Store, lakini kumbukeni imejazwa na mtengenezaji mwenyewe. Kisha waandikieni barua pepe mkiuliza wanakusanya nini, kinakaa nchi gani, nani mwingine anakiona, na mwanafunzi akihama taarifa zinafutwa baada ya siku ngapi. Kampuni isiyojibu maswali hayo kwa maandishi haistahili majina ya watoto wa watu. Ikijibu vizuri, fungueni akaunti ya mwanafunzi wa kubuni, itumieni wiki moja kwenye kishikwambi kimoja, halafu ombeni ifutwe. Namna wanavyolishughulikia ombi hilo itawaambia mengi kuliko sera yao ya kurasa 20.

Mkitumia Google Workspace for Education Fundamentals, ambayo ni bure kwa shule zinazokubaliwa, hakikisheni wanafunzi wamewekwa kama walio chini ya miaka 18, zimeni huduma za ziada ambazo hakuna somo linalozitumia, na anwani za wanafunzi ziwe za namba. Anwani yenye majina mawili na mwaka wa kuzaliwa imeshatoa robo tatu ya anachohitaji tapeli. Akaunti za wasimamizi zote ziwe na uthibitisho wa hatua mbili. Desemba 2024 mfumo wa rekodi za wanafunzi wa PowerSchool wa Marekani ulivunjwa kwa nywila moja iliyoibiwa, kwenye mlango wa huduma kwa wateja usiokuwa na hatua ya pili. Bodi ya shule za Toronto, Kanada, iliyokuwa ikiutumia, ilikuta kwamba miongoni mwa zilizochukuliwa zilikuwamo rekodi za wanafunzi tangu 1985. Watu wenye wajukuu waliibiwa taarifa za utotoni kwa sababu tu hakuna aliyezifuta.

Ridhaa, picha na WhatsApp

Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na taasisi inayozikusanya inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na shule hujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata ikiwa ndogo, kwa kuwa elimu iko miongoni mwa shughuli zisizopewa msamaha wa ukubwa. Msiichukulie kama sheria ya makabatini: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Fomu ya ridhaa iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mzazi anakisoma akiwa amesimama getini. Iwe na sahihi tatu tofauti: akaunti ya masomo, picha za ndani ya shule, picha za kutangazwa nje. Sahihi moja inayobeba yote pamoja na ada haimpi mzazi nafasi ya kukataa lolote. Na aliyekataa picha, mtoto wake asitengwe kwenye kipindi wala kwenye mahafali. Mpigapicha ndiye apewe orodha ya kuepuka.

WhatsApp ndiko taarifa nyingi zinakovujia, na hufanywa kwa nia njema kabisa. Kundi la wazazi linamwonyesha kila mmoja namba za wengine wote. Matokeo ya mtihani yanawekwa kama faili moja, majina na alama, kisha yanasambazwa hadi kwa majirani. Tumieni ujumbe mfupi kwa kila mzazi, au jumuiya ya WhatsApp ya matangazo ambayo wanachama hawaonani namba. Matokeo yaende kwa mzazi mmoja mmoja. Yakibandikwa ubaoni, tumieni namba bila majina, na mpangilio uwe wa namba zilizochanganywa. Mkiacha ule wa alfabeti ya majina, darasa zima litajua nani ni nani kwa kuhesabu mistari.

Mwalimu anayetuma faili la Excel baada ya kuficha safu za simu za wazazi hajazitoa. Mpokeaji anazifichua kwa kubofya mara mbili. Nakilini safu zinazohitajika tu kwenye faili jipya, au tumeni PDF. Deni la ada, ugonjwa, ulemavu na masuala ya familia visiwe kwenye faili la alama hata siku moja. Viwe na faili lake lenye nywila, na watu wawili tu wenye kuijua.

Halafu kuna stesheneri ya pale sokoni. Ripoti za wanafunzi 300 zinatumwa kwenye WhatsApp ya duka ili zichapwe, na faili linabaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaigusa. Printa ya shule hata ya mitumba ni bora kuliko hilo. Pasipo printa, mwalimu aende na flashi yenye PDF, achapishe akiwa amesimama hapo, asiruhusu faili kunakiliwa kwenye kompyuta ya duka, na kama lilinakiliwa alifute na kumwaga kapu la takataka kabla ya kuondoka.

Kikipotea, na mwaka ukiisha

Kishikwambi kikikosekana jioni, hesabu irudiwe mara moja, kisha bila kungoja kesho: kifungeni au kifuteni kutoka mbali kwa programu ya usimamizi au huduma ya Google ya kutafuta kifaa, badilisheni nywila ya akaunti iliyokuwemo na ya Wi-Fi, andikeni saa na nani alikishika mwisho, mkaripoti polisi mpate namba ya RB Tanzania au ya OB Kenya. Vifaa vilivyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi hufunga data kwa usimbaji, kwa hiyo kifaa kilichokuwa na namba ya kufungulia kinampa mwizi kidogo sana. Kama kilikuwa na taarifa za wanafunzi na kuna hatari ya kweli kwao, Kenya Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na Tanzania Tume iarifiwe bila kuchelewa. Wazazi waelezwe kwa maneno ya wazi kilichopotea na wanachotakiwa kufanya. Wakisikia kwanza kwa watoto wao, hawataamini barua itakayofuata.

Mwisho wa mwaka, wahitimu watolewe Kolibri na Google ndani ya siku 30 baada ya kupewa nafasi ya kunakili kazi zao, na orodha za d7_01 hadi d7_40 zichomwe. Bakizeni rekodi zile tu ambazo wizara na baraza la mitihani wanazitaka. Kifaa kinachouzwa au kugawiwa kitolewe akaunti, kifutwe kutoka ndani ya mipangilio, memori kadi itolewe, na mstari wake kwenye daftari ufungwe kwa tarehe na sahihi mbili. Kompyuta ya Windows irejeshwe upya kwa kuchagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski, kazi ya saa kadhaa, hivyo ianzeni asubuhi. Diski iliyokufa, isiyosomeka tena na kompyuta, itobolewe kwa drili mahali patatu kabla ya kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu fundi mwenye vifaa bado anaweza kuisoma.